Jokofu la gari la kambi linalozimikazimika: pima umeme kabla ya kununua bodi

“Nina gari la kambi, lile lenye vitanda, jiko na tangi la maji humo humo. Jokofu lake ni la aina inayotumia vyanzo vitatu: gesi, umeme wa kawaida wa soketi, na umeme wa volti 12 wa betri. Tukiwa njiani huliweka kwenye betri. Taa yake huwaka vizuri, lakini tukifika jioni vyakula vimeanza kuwa vuguvugu. Tukichomeka gari kwenye umeme wa kambi, hugandisha vizuri siku ya kwanza, kisha siku ya pili jioni huzimika lote pamoja na taa yake, ingawa soketi za gari bado zina umeme. Kwenye gesi huwaka, halafu huzimika bila mpangilio; mwenzangu anashikilia kwamba huzimika hasa anapofungua bomba la maji, nami nilidhani anatania. Betri nimeipima baada ya safari, ikasoma volti 12.6. Fyuzi nimeichomoa nikaitazama, ni nzima. Fundi mmoja ameniambia bodi ya elektroniki ya jokofu imekufa, ninunue nyingine. Je, ninunue? Na kwa nini jokofu linalowaka kwa gesi lihitaji umeme?”

Usinunue bodi bado. Kwa maelezo uliyoyatoa, nadhani jokofu lako linasingiziwa, na nadhani pia kwamba mwenzako ndiye aliyekupa dalili yenye thamani kuliko zote. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua mengine.

Jokofu la aina yako halina kompresa. Lilibuniwa nchini Sweden mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, na msingi wake haujabadilika hadi leo: ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa kuna amonia, maji na haidrojeni, na kinachoviendesha ni joto. Joto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia nyuma ya jokofu. Amonia hutoka kama mvuke, hupoa ikawa kimiminika, kisha huingia mahali penye haidrojeni, ambako hugeuka mvuke tena na kunyonya joto lililomo kabatini. Kwa hiyo huna majokofu matatu katika kasha moja. Una mtambo mmoja wa ubaridi unaoweza kupashwa joto kwa njia tatu, yaani kwa mwali wa gesi, kwa koili (waya uliosokotwa unaotoa joto umeme ukipita) ya umeme wa soketi, au kwa koili ya volti 12.

Juu ya hizo njia tatu imewekwa bodi ya elektroniki, na bodi hiyo haitumii gesi wala umeme wa soketi. Inatumia volti 12 za betri, saa zote, uchague njia yoyote. Ukichagua gesi, bodi ndiyo inayofungua vali ya gesi kwa sumaku-umeme, ndiyo inayotoa cheche, na ndiyo inayosikiliza kihisi kinachothibitisha kwamba mwali umeshika. Ukichagua soketi, bodi ndiyo inayoipa koili ruhusa ya kuwaka. Volti zikishuka chini ya kiwango ambacho mtengenezaji amekiweka, ambacho kwa majokofu mengi kiko karibu na volti 10, bodi hufunga vali, huachilia relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na hutoa ishara ya hitilafu au huzimika kabisa. Huo ni usalama uliokusudiwa: hakuna anayetaka vali ya gesi ibaki wazi wakati bodi inayoilinda haina nguvu ya kutambua kama mwali upo. Yapo majokofu ya zamani yasiyo na bodi, yanayowashwa gesi kwa kubonyeza kitufe kwa mkono, na hayo yanaweza kuwaka bila betri. Lakini jokofu linalozimika pamoja na taa yake, kama lako, si la aina hiyo.

Sasa tazama dalili zako kwa pamoja. Njia zote tatu zina kasoro. Kwa koili mbili na kichomeo kimoja cha gesi kuharibika kwa wakati mmoja ingekuwa bahati mbaya ya ajabu, kwa hiyo busara ni kutafuta kitu ambacho njia zote tatu zinakitegemea. Kitu cha kwanza ni mtambo wenyewe wa amonia, lakini umesema siku ya kwanza kambini hugandisha vizuri, na mtambo uliokufa haugandishi hata siku moja. Gari kuegeshwa mahali palipoinama nako hudhoofisha majokofu haya, ila mwinamo hauzimi taa. Kinachobaki ni njia ya volti 12: betri, chaja yake, nyaya, viungio, fyuzi, na mwisho kabisa bodi. Fundi wako ameanza mwishoni mwa orodha, kwenye kifaa cha gharama kubwa kuliko vingine vyote ukiacha betri, na bila kipimo chochote ulichonieleza.

Hapa kuna dhana tatu zinazohitaji kurekebishwa, na si zako peke yako; nakutana nazo karibu kila ninapoulizwa habari za majokofu ya magari.

Dhana ya kwanza ni kwamba taa ikiwaka, umeme upo wa kutosha. Taa ndogo ya jokofu huvuta sehemu ndogo sana ya ampea, na hata volti 9 huifanya ing'ae kiasi cha kukuridhisha. Koili ya volti 12, kwa upande mwingine, huwa ya wati 170 hivi katika majokofu ya ukubwa wa kati, ambazo ni kama ampea 14. Waya unaoweza kulisha taa unaweza kushindwa kabisa kulisha koili.

Dhana ya pili ni kwamba volti 12.6 kwenye betri ni volti 12.6 kwenye jokofu. Kipimo ulichokichukua ni cha betri iliyotulia, iliyotoka kuchajiwa na injini, bila mzigo wa maana. Kinakuambia kwamba betri ya risasi na asidi ilikuwa imejaa karibu yote wakati huo, na hakikuambii lolote kuhusu kinachofika upande wa pili wa waya wakati jokofu linafanya kazi. Kamba iliyochakaa huonekana nzima ikiwa imelala chini. Udhaifu wake hauonekani mpaka ibebe mzigo. Waya nao ni hivyo hivyo. Mkondo usipopita, ukinzani wa kiungio chenye kutu haumezi volti yoyote, na mita yako itasoma 12.6 hata kama kiungio hicho kimebakiwa na uzi mmoja wa shaba. Mkondo ukianza kupita, kila kiungio kibovu hukata fungu lake. Na hapa ndipo mafundi wengi hupotea: jokofu likishazimika, mzigo umeondoka, volti zinarudi juu, fundi anafika na mita yake, anasoma 12.6 kwenye vituo vya jokofu, yaani mahali nyaya zinapofungwa, anahitimisha kwamba umeme ni mzuri na bodi ndiyo mbaya.

Dhana ya tatu ni fyuzi. Kuitazama kwa macho hutosha kugundua iliyoungua, lakini hakugundui fyuzi iliyokaa vibaya katika kishikizo chake. Kishikizo kilicholegea au kilichobadilika rangi ndicho mahali pa kwanza ninapopatazama. Ukipoteza nusu volti hapo wakati ampea 14 zinapita, wati 7 zinageuka joto ndani ya kipande cha plastiki kidogo kuliko kidole gumba, na plastiki hiyo italainika, itaachia chuma zaidi, na hali itazidi kuwa mbaya.

Tuje kwenye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu watu hawaamini jinsi waya wa kawaida unavyoweza kula umeme. Shaba ina ukinzani wa karibu omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wenye unene wa milimita moja ya mraba. Tuseme betri iko mita 6 kutoka kwenye jokofu. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo njia yake ni mita 12. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani ni omu 0.084, na ampea 14 zikipita unapoteza karibu volti 1.2 kabla hujahesabu kiungio chochote. Ukiongeza fyuzi iliyolegea na skrubu yenye kutu kwenye bati la mwili wa gari, kupoteza volti 2 si jambo la kushangaza. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba kwa umbali ule ule, hasara inashuka hadi nusu volti. Wa milimita 10, inakuwa 0.3. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba waya wa milimita 2.5 kwa koili ya volti 12 katika umbali huo ni mwembamba mno, hata kama gari lilitoka kiwandani nao.

Hasara hiyo ina makali kuliko inavyoonekana, kwa kuwa joto la koili hufuata kipeo cha pili cha volti. Koili ya wati 170 kwa volti 12 ikipewa volti 10.5 haitoi wati 149, kama mtu angedhani kwa kugawanya moja kwa moja; inatoa wati 130 tu, karibu robo pungufu. Mtambo wa amonia unaopashwa joto pungufu hauzimiki, unachechemea tu. Taa inawaka, koili ina joto, lakini ubaridi haushindani na joto la mchana, na jioni unakuta maziwa vuguvugu. Hilo linaelezea safari zako. Kama gari lako ni la miaka ya karibuni, ongeza jambo moja: injini nyingi za sasa zina alteneta (mashine ya injini inayozalisha umeme) inayodhibitiwa na kompyuta, ambayo ikiona betri ya kuwashia injini imejaa hupunguza volti zake hadi 12 na kitu, badala ya kubaki kwenye 14 kama zile za zamani. Nyaya ambazo zingeweza kuvumilika kwa volti 14 hazivumiliki tena kwa 12.5.

Siku ya pili kambini ina maelezo yake, na hayo nayo ni ya volti 12. Ukichomeka gari kwenye umeme wa kambi, chaja iliyomo garini inapaswa kubeba mzigo wote wa volti 12 na kuijaza betri. Kama chaja hiyo imekufa, au swichi yake imezimwa, au fyuzi yake imeungua, hutaona tofauti yoyote mwanzoni, maana betri uliyoijaza njiani inaendelea kulisha taa, pampu ya maji na bodi ya jokofu. Soketi zina umeme, koili ya soketi inawaka, kila mtu anafurahi. Betri inapungua polepole usiku na mchana, na jioni ya pili volti zinafika chini ya kiwango cha bodi, basi jokofu linazimika huku soketi zikiwa na umeme kamili. Kupima hili ni kazi ya dakika chache: gari likiwa limechomekwa, weka mita kwenye vituo vya betri. Ukisoma kati ya volti 13.2 na 14.4, chaja inafanya kazi. Ukisoma 12.4, na saa chache baadaye 12.2, chaja haichaji, hata kama taa yake ya kijani inawaka. Kwa betri ya risasi na asidi iliyotulia, 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 unaiumiza. Betri ya lithiamu haisomeki hivyo. Hukaa karibu na volti 13 karibu muda wote kisha huanguka ghafla, kwa hiyo mwenye betri hiyo asijifariji kwa mita peke yake.

Sasa bomba la maji. Pampu ya maji ya gari la kambi huvuta kama ampea 5 hadi 7 inapofanya kazi, na mota yake inapoanza kuzunguka huvuta, kwa kitambo kifupi sana, mkondo mkubwa zaidi ya huo. Kama pampu na jokofu vinatumia waya mmoja wa hasi, au vimefungwa kwenye skrubu moja ya mwili wa gari iliyoshika kutu, kila mara pampu inapoanza hasi ya jokofu inainuka pamoja na ya pampu, na volti ambazo bodi inaziona zinaporomoka. Anguko la kitambo kifupi linatosha kuifanya bodi ifunge vali ya gesi. Kwenye gesi jokofu lenyewe huvuta umeme kidogo sana, pungufu ya ampea moja katika mengi, kwa hiyo halijizimi lenyewe. Linazimwa na jirani yake. Mwenzako alikuwa akikuonyesha hitilafu yenyewe, na pengine mahali ilipo.

Kwa hiyo kazi yako ni kupima umeme pale pale nyuma ya jokofu, mzigo ukiwa umewashwa. Fungua kifuniko cha nje cha hewa, kile chenye matundu, uvione vituo vya volti 12. Katika majokofu mengi vipo vya aina mbili: waya mnene wa koili wenye fyuzi ya ampea 15 au 20, na waya mwembamba wa bodi wenye fyuzi ndogo. Fuata mchoro uliobandikwa au uliomo katika kitabu cha jokofu, usifuate rangi peke yake, kwa sababu gari lililopita mikononi mwa watu kadhaa lina rangi za kila namna. Washa injini, weka jokofu kwenye betri, ngoja dakika chache, kisha pima kati ya chanya na hasi ya waya wa koili. Andika. Pima pia kwenye waya wa bodi. Andika. Kisha badili liwe kwenye gesi, mwombe mwenzako afungue bomba la maji huku ukitazama mita, na kama mita yako ina kitufe cha kushika kipimo cha chini kabisa, kitumie, kwa kuwa anguko lenyewe ni la haraka kuliko jicho.

Ukikuta volti ziko chini, tafuta zinapotelea wapi, na njia bora si kupima omu. Watu hupenda kupima omu kwa sababu mita hulia na kuwapa matumaini, lakini waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima husoma karibu sifuri na mita italia vile vile. Pima volti zinazopotea: mzigo ukiwa umewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye kituo cha chanya cha betri na nyingine kwenye kituo cha chanya cha jokofu. Mita sasa inakusomea moja kwa moja hasara ya upande wa chanya. Fanya hivyo kwa hasi. Utahitaji waya mrefu wa ziada kufikisha ncha ya mita. Mwembamba wowote unafaa, kwa kuwa mkondo wa mita ni mdogo mno kuleta hasara. Jumla ya pande zote mbili ikiwa chini ya nusu volti kwa koili, sina malalamiko. Upande mmoja ukikupa volti moja, anza kuugawa nusu kwa nusu: kutoka betri hadi fyuzi, ng'ambo ya fyuzi, ng'ambo ya relei, ng'ambo ya kila kiungio. Kipande kizuri hupoteza sehemu chache za mia za volti, kinachopoteza 0.1 na zaidi ndicho unachokitafuta. Usiuache upande wa hasi kwa sababu tu hauna fyuzi wala swichi. Kwa uzoefu wangu ndiko uovu mwingi unakojificha, hasa kwenye skrubu zilizofungwa juu ya rangi au juu ya bati lenye unyevu.

Kuna majaribio mawili yanayomaliza ubishi na fundi. La kwanza ni la kuuhukumu waya bila jokofu: tenganisha waya wa koili nyuma ya jokofu, uunge kwenye balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55, ambayo huvuta karibu ampea 4.5, kisha pima volti kwenye balbu. Zikianguka zaidi ya nusu volti kulinganisha na betri kwa mzigo mdogo kama huo, waya una hatia na jokofu halijaguswa hata kidogo. La pili ni kinyume chake: lete betri iliyojaa karibu na jokofu, ilishe kwa nyaya fupi nene zenye fyuzi ya kiwango kile kile, kisha endesha jokofu kwa gesi kwa saa kadhaa, bomba la maji likifunguliwa na kufungwa upendavyo. Likikaa bila kuzimika, bodi haina tatizo. Likizimika huku mita ikisoma 12.5 bila kutikisika, hapo nitakuwa tayari kuzungumza habari za bodi, ingawa hata hapo ningeanza na kichomeo kichafu na kihisi cha mwali, ambavyo huzima gesi bila kosa lolote la umeme.

Ukishapata pa kulaumiwa, marekebisho hupimwa kwa uzito wake. Kusugua viungio mpaka chuma king'ae, kubana vichwa vipya vya waya kwa koleo lake maalumu badala ya koleo la kawaida, na kuipa hasi ya jokofu waya wake wenyewe hadi kwenye betri, ni kazi ya siku moja na huponya magari mengi. Kubadilisha waya wa koili uwe mnene ni kazi ya kuchosha, maana lazima upitie ndani ya kuta, lakini ukiifanya mara moja hutairudia. Usijaribu kuziba pengo kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi hulinda waya, na waya mwembamba wenye fyuzi kubwa ni moto unaosubiri siku yake. Chaja iliyokufa ibadilishwe bila majadiliano. Kama tatizo ni alteneta ya kisasa, chaja ya betri hadi betri, inayopandisha volti za injini kabla ya kuzipeleka kwenye betri ya makazi (ile inayolisha vifaa vya ndani, si ya kuwashia injini), ni dawa nzuri, mradi iwe na uwezo wa kulisha koili na bado kubakiza cha kuijaza betri.

Wengine watakushauri ulitupe jokofu hili na kununua la kompresa ya volti 12. Si ushauri wa kipumbavu. La kompresa hustahimili joto na mwinamo vizuri zaidi, huvuta kama ampea 4 hadi 5 likiwa linafanya kazi, na hupumzika katikati. Lakini halitumii gesi, kwa hiyo bila paneli za jua au betri kubwa utakwama ukikaa siku kadhaa bila kuchomeka, na zaidi ya hayo halisamehi nyaya mbovu. Kidhibiti cha kompresa nyingi za aina hiyo hukata kikiona volti 10.4 na hakirudi mpaka zifike 11.7. Nimeona watu wakilibadilisha jokofu, wakaliunga kwenye waya ule ule wa zamani, wakarudi na malalamiko yale yale. Waya kwanza, kisha uamue kuhusu jokofu.

Jambo moja la matumizi: njia ya betri ni ya kutumia injini ikiwa inaunguruma tu. Ampea 14 kwa saa 8 za usiku ni saa-ampea 112, na katika majokofu mengi koili hiyo haina kidhibiti joto cha kuipumzisha. Betri ya risasi ya saa-ampea 100 itakuwa imekufa kabla ya alfajiri. Kuipitisha kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, ili utumie koili ya soketi ni vibaya zaidi, kwa kuwa koili hiyo ni ya wati 300 na kitu, na betri italazimika kutoa karibu ampea 30.

Umeme wa soketi nimeupitia kwa haraka kwa makusudi, kwa sababu kwako hauna kosa linaloonekana na kwa sababu si mahali pa kujifunzia. Kwa ufupi, umeme wa kambi wenye wateja wengi hushuka mchana, na kwa kanuni ile ile ya kipeo cha pili, koili ya volti 230 ikipewa 200 hutoa joto la robo tatu tu. Waya wa kuongeza urefu ulioachwa umeviringishwa hupata moto, kwa hiyo ukunjue wote. Koili ya wati 325 ya volti 230, ikiwa imechomolewa kabisa na kupimwa, husoma karibu omu 163. Ya volti 120, karibu omu 44. Na kati ya koili na bati la jokofu mita isisome kitu. Kifaa kinachokata umeme unapovuja kikiruka kila unapowasha jokofu kwenye soketi, koili imepasuka ndani, na hapo usiendelee kukirudisha juu kwa kidole.

Zipo hali ambazo zinahitaji mtu aliyefunzwa afike mwenyewe kwenye gari. Upimaji wowote ndani ya kasha la umeme wa soketi likiwa na umeme ni wa fundi umeme mwenye leseni. Harufu ya gesi, au mwali wa njano unaoacha masizi badala ya wa buluu, ni wa fundi wa gesi, nawe ufunge mtungi kabla hajafika. Harufu kali ya amonia, au unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, maana yake mtambo umetoboka; zima njia zote tatu, fungua milango na madirisha, watu watoke, na jokofu lisiwashwe tena kwa jaribio lolote. Waya ulioyeyuka ganda au kishikizo kilichoungua ni sababu ya kutenganisha betri leo, si wikiendi ijayo.

Kwa fundi yeyote utakayemwita kuhusu volti 12, mkabidhi karatasi yenye vipimo vyako: volti za betri gari likiwa limechomekwa, volti za koili nyuma ya jokofu injini ikiunguruma, volti za bodi kwenye gesi kabla ya bomba kufunguliwa na wakati linafunguliwa, na hasara ya chanya na ya hasi kila moja peke yake. Akivisoma na bado akataka kuanza na bodi, mwombe akuonyeshe ni kipimo kipi kati ya hivyo kinachomwelekeza huko.